Msaada wakuu: usaili wa waigizaji wa hapa hapa Tabora kwa igizo la mahakama ya kijeshi ya 1964

mtoto_wa_kanyenye:

Wakuu habari za jioni. Naomba tusaidiane, najua humu kuna waliopita chuo Bagamoyo na kuna waliopita jeshini, na mimi safari hii nawahitaji wote.

Nina kikundi cha maigizo hapa Tabora mjini, tumezoea michezo mifupi ya mashuleni, ya afya, ya mirathi na ndoa. Mwaka huu nimeandika igizo refu la kwanza, saa moja na nusu, lote linatokea kwenye chumba kimoja tu: mahakama ya kijeshi mwaka 1964 baada ya yale maasi ya Tanganyika Rifles, jeshi letu la wakati huo. Watu wengi wanaijua habari ya Dar peke yake, usiku wa kuamkia Januari 20 pale Colito, Lugalo ya leo, askari wakawaweka maofisa wa Kiingereza chini ya ulinzi, wanataka mshahara utoke shilingi 105 kwa mwezi ufike 260 na wanataka maofisa Waafrika. Lakini tarehe 21 batalioni ya pili nayo ikaasi na hiyo ilikuwa hapa kwetu, kambi iliyokuwa inaitwa Kalewa. Nimekulia mji huu na shuleni hakuna mwalimu aliyenisimulia hilo, nimelisikia kwa wazee vibarazani, ndo maana nimeamua kuliandika.

Washtakiwa wangu watatu ni wa kubuni, kesi yenyewe ya kubuni, sijagusa jina la askari wa kweli hata mmoja maana familia zao zipo. Mwaka tu na mazingira ndo ya kweli.

Sasa ishu ni usaili. Jumamosi iliyopita nimefanya wa kwanza, walikuja vijana wengi kuliko nilivyotegemea nikafurahi, ila kilichotokea kimenikosesha usingizi. Kila mtu anataka kuwa mwendesha mashtaka. Nikiwapa ukurasa wanausoma kwa kufoka mwanzo mpaka mwisho, wanapiga meza, wanamnyooshea shahidi kidole machoni, kuna mmoja alikuja na nyundo ya mbao kabisa ya kugongea. Alafu akimaliza sentensi yake anazima, mwenzake anaongea yeye anaangalia dirishani au anajikuna, yaani kama hayupo. Na igizo langu lina watu kama kumi na mbili ambao muda mwingi wamekaa au wamesimama tu humo ndani wanasikiliza!

Maswali yangu: nawapimaje hawa watu? Nitafute askari wastaafu niwafundishe kuigiza au waigizaji niwafundishe kwata? Sare nafanyaje? Na nina akina dada wanne wazuri sana, nimewaandikia nafasi moja tu ya mke wa mshtakiwa, wananiangalia kwa jicho la huzuni na wana haki.

---

mzee_wa_kwata:

Kijana hongera kwa kuikumbuka Kalewa. Mimi nimestaafu siku nyingi, sikuwepo 1964 lakini walionifundisha kwata walikuwepo.

Niseme mambo ambayo nikiyaona kwenye maigizo yenu yananiuma. La kwanza saluti. Jeshi letu limerithi utaratibu wa Kiingereza, usipokuwa na kofia kichwani hupigi saluti, unabana mikono unakaa mguu sawa basi. Sasa mshtakiwa wa mahakama ya kijeshi anaingizwa hana kofia, hana mkanda. Wakisha kukuvua mkanda na kofia wewe umeshajua uko upande gani. Kwa hiyo mshtakiwa wako akiingia akapiga saluti, mzee yeyote aliyepita jeshini ataondoka na roho yake hapo hapo, hatakuamini tena mpaka mwisho. Mwambie kijana mkono unataka kwenda wenyewe, miaka kumi amezoea, na kofia haipo. Akiweza kuuzuia ule mkono watu wakauona unazuiwa, amepata nafasi.

La pili makelele. Ofisa hafoki mahakamani. Anayefoka ni sajini kwenye uwanja wa gwaride na hata yeye anafoka kwa sauti ya tumbo, amri ina sehemu mbili, ya kutahadharisha inavutwa na ya kutekeleza inakatwa. "Nyumaaa... geuka!" Wape wote hiyo kwenye usaili. Asiyeweza kuikata amri hawezi hata kuongea kama mtu aliyezoea kutiiwa, anaomba omba tu.

La tatu nadhani litakusaidia kwenye maandishi pia. Majaji wa mahakama ile ni maofisa, wanakaa kwa vyeo, rais wa mahakama katikati. Wakienda kuamua, anayetoa uamuzi wa kwanza ni mwenye cheo cha chini kabisa, ndo wanapanda kwenda juu, ili luteni asije akamfuata kanali kwa woga. Hebu fikiria hicho, kijana wako wa luteni usu, mdogo kuliko wote, ndiye anaanza kusema "ana hatia" au "hana hatia" wakati wakubwa wanamtazama. Hiyo nafasi usimpe mtu wa kujazia kiti.

Na umri uangalie. Msipange wenye mvi kuwa majaji na vijana kuwa washtakiwa kama mlivyozoea. Mwaka ule mambo yalikuwa kinyume. Kapteni Sarakikya aliyekuwa hapo hapo Tabora alifanywa mkuu wa jeshi akiwa kijana wa miaka thelathini hivi. Na kwenye safu chini walikuwemo watu wazima waliopigana vita ya pili Burma, hiyo Kalewa yenyewe ni jina la mji wa Burma waliouteka KAR (King's African Rifles, jeshi la mkoloni) mwaka 1944. Mzee aliyevuka mito ya Burma anahukumiwa na kijana anayeweza kuwa mwanae. Hapo hakuna haja ya kufoka.

---

mtoto_wa_kanyenye:

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma mara tatu. Hilo la umri nilikuwa nimelikosea kabisa, mshtakiwa wangu mkuu nilimpanga kijana wa miaka 22. Nabadilisha usiku huu.

---

DadaSitara:

Naunga mkono mzee hapo juu, mimi naongezea upande wa jukwaa, nimesoma TaSUBa, chuo cha sanaa Bagamoyo, na nimesaidia kuchagua waigizaji mara kadhaa.

Ndugu yangu tatizo sio vijana wako, tatizo ni ulichowapimia. Umewapa ukurasa wenye maneno makali ukawaambia soma, wamesoma ukali. Wengi wamejifunza kuigiza kwa kuangalia muvi za Bongo ambako kamera inamfuata anayeongea tu, asiyeongea hayumo kwenye picha, kwa hiyo kwake kunyamaza maana yake ni mapumziko. Jukwaani hakuna kukata picha. Mtazamaji wa mstari wa tatu anaangalia anakotaka na kwenye igizo la mahakama mara nyingi anamwangalia anayesemwa.

Kwa hiyo geuza usaili. Pima kusikiliza. Mimi ningefanya hivi: mtu mmoja anasoma ushahidi, tuseme dakika tatu nne, shahidi anaeleza usiku ule wa maasi jinsi mshtakiwa alivyofungua ghala la silaha. Anayepimwa hasemi kitu. Amesimama mguu sawa, hana kofia hana mkanda, anasikiliza mambo yanayomfunga. Kabla hujaanza unamnong'oneza jambo moja sikioni, mwingine unamwambia "anachosema huyu ni uongo", mwingine "ni kweli na ni rafiki yako wa utotoni", mwingine "ni kweli ila sio wewe, ni mdogo wako". Alafu wewe na wenzako mnakaa mbali mnaangalia, na wenzako hawajui umenong'ona nini. Wakiweza kukisia, huyo mtu chukua hata kama kusoma kwake kunakwama kwama, kusoma kutanyooka mazoezini.

Usipime kwa mstari mmoja tu mara moja. Akishafanya, mwambie arudie kwa namna tofauti kabisa, mfano afoke alafu arudie kama anaongea na mgonjwa. Sitafuti ipi nzuri, natafuta kama anaweza kubadilika akiambiwa. Kuna watu wanakuja na kitu kimoja kizuri sana walichofanyia mazoezi kwenye kioo nyumbani na hicho ndo chote walicho nacho, utakigundua wiki ya tatu ya mazoezi ukiwa umeshachelewa. Mimi lilishanikuta, nilimpa kijana nafasi kubwa kwa sababu ya machozi, analia vizuri kweli, basi akawa analia kila onyesho sehemu ile ile hata tulipokuwa tumeibadilisha.

Kitu kingine, utafanyia wapi? Kama ni ukumbi wa bati fanya usaili humo humo na mtu wako mmoja akae mlango wa nyuma kabisa. Tabora mvua zikianza bati linaongea. Mwenye sauti ndogo anafundishika, anayemeza mwisho wa sentensi ni kazi, na kwenye mahakama neno la mwisho ndo lenye jibu.

---

kijana_wa_uyui:

Mimi sikubaliani na wasanii. Chukua askari wastaafu, wapo wengi mjini, wale hawahitaji kufundishwa kusimama. Msanii utamfundisha kwata miezi mitatu na bado magoti yatamsaliti.

---

DadaSitara:

@kijana_wa_uyui nakuelewa lakini nimeshaona mtu anapewa nafasi ya kuwa kile alichokuwa maishani, anaganda. Anajionea aibu mbele za watu, au anarekebisha skripti kila siku, "sisi hatukuwa tunasema hivi". Mstaafu mmoja wa kuwafundisha wote kwata ni dhahabu. Mahakama nzima ya wastaafu sina uhakika kama watakubali kushindwa na kuvunjika mbele ya majirani zao. Alafu siku hizi vijana kibao wamepita JKT kwa mujibu wa sheria, tangu 2013 ilivyorudishwa. Hao ndo wa katikati, miili inakumbuka na bado wanajifunza. Kwenye fomu ya usaili weka swali "umepita JKT?".

---

Ngugi_wa_Lanet:

Salamu kutoka Nakuru. Nimeona hii thread nikasema lazima niandike, kwa sababu nyumbani ni karibu na kambi ya Lanet na huku pia Januari hiyo hiyo 1964 askari wa Kenya Rifles waliasi, siku nne tu baada ya Dar, na Jinja, Uganda, ilikuwa imewaka siku moja kabla yetu. Nchi tatu, wiki moja, na wote walikuwa wametoka kwa KAR moja. Kwa hiyo story yako ni yetu pia.

Mimi nimetoka kwa drama za shule, hapa kwetu drama festival ni kitu kikubwa sana, watoto wanakua nayo. Nataka kukuuliza: yule ofisa Mwingereza ambaye atakuja kutoa ushahidi nani atamcheza? Usitafute mzungu wa mji ati kwa sababu ni mzungu. Tulifanya hivyo mara moja, tukapata mtalii mzuri tu, mkarimu, lakini hakuwa anaelewa anachosema na kila alipofungua mdomo watu walicheka, shahidi mkuu wa kesi akageuka kichekesho. Mara iliyofuata tulimpa mwalimu mmoja Mluhya mrefu mweusi, bila poda ya usoni bila wigi, alichofanya ni kuongea tu kile Kiswahili cha KAR. Unajua kile cha amri tupu, hakina "tafadhali", kila mtu ni "wewe", ngeli zote zimelala. "Wewe hapana sikia mimi? Leta ile watu hapa." Sekunde kumi watu wakanyamaza, wazee mstari wa mbele walikuwa wanatikisa vichwa, walikuwa wamekisikia hicho kitu wakiwa vijana.

So kwa usaili wako chukua sentensi mbili za Kiswahili sanifu, kizuri, halafu umwambie mtu azigeuze kuwa za KAR bila kufanya comedy. Wengi watafanya comedy. Yule ambaye atakufanya usikie baridi mgongoni ndiye ofisa wako. Na mshtakiwa naye ajibu kwa Kiswahili chake cha Unyamwezini kilichonyooka, hiyo tofauti ndiyo kesi yenyewe hata kabla wakili hajasimama.

---

wakili_mdogo:

Naingia kwa mambo ya sheria kidogo maana nimeona watu wameruka swali la sare.

Mkuu kuwa makini sana hapo. Sare za JWTZ na chochote kinachofanana nazo raia haruhusiwi, jeshi limeshatangaza mara nyingi, mwaka 2023 walitoa siku saba watu wasalimishe, wasanii na wafanyabiashara waliguswa. Bahati yako igizo ni la 1964 na mabakabaka ya leo huyahitaji kabisa. Askari wa wakati ule ni shati la kaki na kaptula ya kaki, soksi ndefu. Nunua kitambaa cha kaki mpe fundi, usiweke nembo ya kweli yoyote, vyeo chora vya kwako vinavyofanana kwa mbali. Na bado, hata kama ni kaki tupu, andika barua kambini ueleze unafanya nini na lini, uambatanishe skripti. Vijana wako wasipande bodaboda na mavazi hayo, wavalie ukumbini wavulie ukumbini.

Maigizo ya jukwaani nayo yana sheria yake, Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976, watu wanadhani ni filamu tu. Anza na afisa utamaduni wa halmashauri yako atakuelekeza, na anza mapema, usisubiri mpaka umeshabandika matangazo.

Kuhusu yule kijana wa nyundo: mahakama zetu hazigongi nyundo, hiyo ni ya kwenye muvi za Kimarekani. Lakini usimwache kwa ajili hiyo, mtu aliyekuja na kifaa amekuja na hamu, mpe nafasi nyingine.

La mwisho, kwa kuwa umeandika kesi ya kubuni sikulazimishi, ila ujue iliyotokea kwenye kesi ya kweli. Sajini aliyeongoza Colito alifungwa miaka 15. Mwalimu Nyerere alisema wazi kwamba adhabu zile kwake ni ndogo mno, maana nchi ilikuwa imetikiswa mpaka ikabidi kuwaita makomandoo wa Kiingereza waliotua Januari 25, jambo lililomuumiza. Na bado hakuzigusa. Alisema akizibadilisha atakuwa ameikataa sheria. Rais aliyefanyiwa uasi, ana hasira, ana uwezo, anaiacha hukumu ya mahakama ibaki ilivyo. Mimi kila nikiikumbuka hiyo nasimama kidogo. Kwa hiyo yule rais wa mahakama yako usimpe mtu wa kutisha, mpe mtu ambaye watu wakimwangalia wanajua kuna simu inaweza kuita kutoka Dar na yeye hataipokea.

---

mtoto_wa_kanyenye:

Aisee wakuu. @wakili_mdogo barua naandika kesho asubuhi. @Ngugi_wa_Lanet karibu sana Tabora, hicho Kiswahili cha KAR nina mzee wa kunifundisha. @DadaSitara bado swali la akina dada hujanijibu na wewe ndo wa kunijibu.

---

DadaSitara:

Nilikuwa nasubiri uulize tena. Mahakama ile ilikuwa ya wanaume, sawa, usiibadilishe. Lakini askari wa KAR waliishi kambini na wake zao na watoto, kwenye zile nyumba za mstari. Usiku wa maasi wale wanawake walikuwepo, wamesikia kila kitu, nani aligonga mlango wa nani, nani alikataa kutoka akatolewa kwa nguvu. Na hakuna aliyewaita kutoa ushahidi. Waweke jukwaani muda wote, wanne, wamekaa nje ya chumba cha mahakama, upande mmoja wa jukwaa, wanachambua mchele. Mahakama ikiuliza swali ambalo hakuna mwanaume anayejibu kweli, mikono yao inasimama. Baadae wanasema wao kwa wao, mahakama haisikii, ukumbi unasikia.

Kwenye usaili wape ungo na mchele. Usiwape maneno. Soma ushahidi ule ule wa ghala la silaha uone mikono inafanya nini.

---

mzee_wa_kwata:

Binti umenikumbusha mama yangu. Fanyeni hivyo.

---

mtoto_wa_kanyenye:

Wakuu narudi na mrejesho, jana ndo tumefanya usaili wa pili, ule ule ukumbi wa bati.

Nilianza kwa kuwaambia leo hakuna anayesoma kwanza. Mzee mmoja mstaafu tuliyempata mtaani akawasimamisha mstari, akawafundisha mguu sawa na mguu pande kwa nusu saa, walichoka wakatulia. Ndipo nikaanza kuwanong'oneza mmoja mmoja kama alivyosema Dada. Nilikuwa na wenzangu wawili wanakisia kwa kuandika kwenye karatasi. Wengi hatukukisia kitu, wanakunja sura tu wote namna moja. Lakini kuna fundi cherehani mmoja wa hapa sokoni, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, alikuja kumleta mwanae tu akakaa benchi la nyuma, nikamwomba ajaribu. Nikamnong'oneza "anachosema ni kweli, ila sio wewe, ni mdogo wako". Alisimama hakufanya chochote. Shahidi alipofika pale anaposema "nikamwona mtu ameshika ufunguo", yule mzee akameza mate alafu kichwa kikanyanyuka kidogo sana, kama mtu anayejipanga kubeba. Wenzangu wote wawili wameandika kitu kimoja: anamficha mtu. Huyo ndo mshtakiwa wangu mkuu, na kaki zote anashona yeye.

Kijana wa nyundo nilimrudisha. Hawezi kuamrisha hata kidogo, sauti inapanda juu. Lakini nilipomkalisha kiti cha mwisho cha majaji nikamwambia wewe ndo mdogo kuliko wote na wewe unaanza kusema, alikaa kimya kirefu mpaka nikataka kumkumbusha mstari wake, kumbe anaukumbuka. Akasema "hana hatia" kwa sauti ndogo, akamwangalia rais wa mahakama kuona kama amekosea. Nimempa luteni usu.

Rais wa mahakama bado sijampata, wawili niliowapenda wote wanatisha. Ofisa Mwingereza pia bado, kila aliyejaribu ukumbi ulicheka, kasoro dada mmoja kati ya wale wanne aliyekuwa anajaribu kwa kujifurahisha tu pembeni na mimi nikasikia ile baridi ya mgongoni aliyoisema Ngugi. Sijui niamueje hapo, mzee_wa_kwata naomba neno lako.

Ungo na mchele vimefanya kazi mno kiasi kwamba nimeandika upya kurasa saba. Jumanne saa kumi jioni tunakaa kusoma mara ya kwanza, barua ya kambini imepokelewa na wametuomba tupeleke skripti nakala mbili.